Namna ya Kushiriki Mjadala wa Lugha, Heshima na Dhana Mgando katika Chuo Kikuu cha Marekani

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura na kuanza masomo katika chuo kikuu cha Marekani mwezi Agosti hukutana mapema sana na mjadala wa lugha, heshima na dhana mgando, yaani picha zilizoganda vichwani kuhusu watu wa kundi fulani. Mwishoni mwa Oktoba huja sikukuu ya Halloween, ambapo vijana huvaa mavazi ya kuigiza, na mara kwa mara hutokea chuo ambacho mtu amejipaka masizi usoni ili aonekane mweusi au amevaa taji la manyoya la Wamarekani wa Asili, na kesho yake chuo kizima kimegawanyika. Nilifundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha huko kwa miaka kadhaa, na niliona vijana wetu wengi wakifanya moja kati ya mambo mawili: ama wananyamaza kabisa wakidhani ugomvi ni wa wenyeji, ama wanaingia kwa nguvu zote kabla hawajajua kinachogombaniwa. Njia zote mbili zina hasara. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa yeyote atakayeombwa kuongoza mdahalo wa namna hii.

Tenganisha maswali matatu

Ugomvi wa aina hii huwa na maswali matatu yaliyosukwa pamoja kama ukili. Swali la kwanza ni la ukweli: je, kinachosemwa kuhusu watu hawa ni kweli? La pili ni la adabu: hata kama ni kweli, au hata kama ni mzaha tu, je, kinafaa kusemwa hapa, mbele ya hawa, kwa namna hii? La tatu ni la mamlaka: ni nani mwenye haki ya kukizuia, na kwa adhabu gani? Mtu anaweza kabisa kuamini kwamba vazi fulani ni utovu wa adabu na wakati huohuo akapinga chuo kumwadhibu aliyelivaa. Anayejibu swali la tatu mbele ya watu wanaouliza la pili ataonekana katili, na anayejibu la pili mbele ya watu wanaouliza la tatu ataonekana mpenda marufuku. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kinywa, jiulize ni swali lipi kati ya hayo liko mezani.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Yale cha mwaka 2015 kinafaa kusomwa kwa makini kwa sababu hiyo. Tarehe 28 Oktoba kamati ya masuala ya tamaduni ya chuo hicho iliwaandikia wanafunzi ikiwasihi wafikiri kwanza kabla ya kuvaa mataji ya manyoya au vilemba, au kujipaka rangi ya kubadilisha ngozi. Kamati haikupiga marufuku chochote. Siku mbili baadaye Erika Christakis, mhadhiri wa makuzi ya watoto ambaye pamoja na mumewe Nicholas walikuwa walezi wa bweni la Silliman, aliwaandikia wakazi wa bweni hilo akiuliza kama kweli ni kazi ya uongozi kuwaelekeza vijana mavazi, na kama wao wenyewe hawawezi kumwambia aliyevaa vibaya kwamba amewaudhi, au kumpuuza. Yeye naye hakutetea vazi lolote.

Ukizisoma barua hizo mbili polepole utaona kwamba ya kwanza ilizungumzia adabu na ya pili ilizungumzia mamlaka. Wanafunzi wengi waliisoma ya pili kana kwamba nayo ilikuwa ya adabu, na wakasikia mlezi wao akiwaambia kwamba maumivu yao si kitu. Tarehe 5 Novemba kundi la wanafunzi lilimzunguka Nicholas uani na kumkaripia, video ikasambaa nchi nzima, na watu ambao hawakuwahi kufika Yale wakawatukana wanafunzi hao kwa wiki nyingi. Erika aliacha kufundisha pale, na mwaka 2016 wote wawili waliacha ulezi wa bweni. Sisemi kwamba wangeelewana kama wangetenganisha maswali. Wanafunzi weusi wa chuo hicho walikuwa na manung'uniko ya miaka mingi ambayo barua moja isingeweza kuyamaliza. Ninachosema ni kwamba wangejua wanagombana juu ya nini.

Anza na lugha yako mwenyewe

Wamarekani wana neno, usahihi wa kisiasa (political correctness), yaani kuepuka maneno na matendo yanayoweza kuyaudhi makundi ya watu, ambalo hutumiwa zaidi na wanaolilaumu jambo lenyewe kuliko wanaolitenda. Rais George H. W. Bush alilizungumzia katika mahafali ya Chuo Kikuu cha Michigan tarehe 4 Mei 1991, akionya kwamba jitihada iliyoanza kwa nia ya kuondoa ubaguzi ilikuwa inaleta chuki mpya badala ya zile za zamani. Tangu hapo neno limekuwa silaha. Ushauri wangu ni kwamba usilitumie katika mdahalo, wala usikubali mpinzani alitumie bila kueleza anamaanisha tendo gani: kumrekebisha mtu matamshi, kumfukuza mwalimu, kubadilisha jina la jengo, au kumwomba mwenzako asirudie mzaha. Mambo hayo manne hayana uzito mmoja.

Ili uelewe moyo wa jambo lenyewe, angalia Kiswahili. Wengi wetu tulikua tukisikia neno zeruzeru likitamkwa hadharani bila haya, na leo redio, magazeti na serikali husema mtu mwenye ualbino. Tulizoea kusema kilema na kipofu, maneno yanayoanza kwa ki- kama kiti na kijiko, nasi sasa tunasema mtu mwenye ulemavu na asiyeona. Hoja hiyo hatukuipata katika ugomvi wa vyuo vya Marekani. Watu waliokuwa wakiitwa hivyo walisema kwamba jina linalomtanguliza mtu linawafaa kuliko jina linaloutanguliza mwili wake, na wengi wetu tuliona kwamba wanasema kweli. Lakini kisa hichohicho kinatuonyesha mpaka wa maneno: mauaji ya watu wenye ualbino nchini Tanzania, yaliyoitikisa nchi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hayakukoma kwa sababu ya jina jipya. Ilibidi pawepo polisi, mahakama, shule zenye ulinzi na watu waliokubali kutoa ushahidi. Mtu anayeyashika haya mawili pamoja, kwamba neno lina uzito na kwamba neno peke yake halitoshi, yuko tayari kuingia katika mdahalo wowote wa chuo.

Kuhusu dhana mgando, neno la Kiingereza linalotumika, stereotype, lilitoka kwa wachapaji. Lilikuwa jina la bamba la chuma lililoyeyushwa na kugandishwa katika umbo la ukurasa, ili ukurasa uleule uchapwe mara elfu bila kupangwa upya. Mwandishi Walter Lippmann alilichukua mwaka 1922 kuelezea picha tulizo nazo vichwani kuhusu watu tusiowajua. Naona neno mgando linabeba maana hiyo vizuri kuliko potofu, kwa kuwa dhana ya namna hii si lazima iwe uongo mtupu. Kosa lake ni kwamba imeganda: humchapa kila mtu mpya kwa bamba lilelile.

Jua sheria inasema nini mahali ulipo

Hapa ndipo wanafunzi wetu hukosea zaidi. Mkenya amekulia chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, na anajua kwamba maneno ya chuki dhidi ya kabila ni kosa linaloweza kumletea mtu kifungo cha hadi miaka 3. Anafika Marekani akidhani ni hivyohivyo. Sivyo. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya nchi hiyo huyalinda hata maneno ya chuki, isipokuwa yakiwa vitisho vya kweli, uchochezi wa vurugu inayotaka kutokea papo hapo, au unyanyasaji mzito unaomlenga mtu hadi ashindwe kusoma.

Kinga hiyo hukibana chuo cha umma kwa kuwa ni mkono wa serikali. Mahakama ya shirikisho ilibatilisha kanuni za Chuo Kikuu cha Michigan dhidi ya maneno ya ubaguzi mwaka 1989, na zile za Wisconsin mwaka 1991. Chuo binafsi kina uhuru zaidi wa kujiwekea masharti yake, ingawa California ilitunga sheria mwaka 1992 inayowapa wanafunzi wa vyuo binafsi kinga ileile, na kwa sheria hiyo kanuni za chuo binafsi cha Stanford dhidi ya maneno ya ubaguzi zikaanguka mwaka 1995. Kwa hiyo, kabla hujadai kwamba fulani afukuzwe kwa alichosema, soma kitabu cha kanuni za wanafunzi cha chuo chako, na uangalie kama chuo ni cha umma au la.

Usidhani pia kwamba marufuku hutoka upande mmoja wa siasa. Florida ilitunga sheria mwaka 2022 iliyowabana wahadhiri katika kufundisha mambo ya rangi na jinsia, na Novemba mwaka huohuo jaji wa shirikisho akaizuia isitumike katika vyuo vikuu vya umma. Texas ilivifunga vitengo vya usawa na ujumuishi katika vyuo vyake vya umma kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Swali la mamlaka linahama kutoka mkono hadi mkono, na anayelijibu kwa kuangalia tu nani ameshika rungu leo atalazimika kubadilisha jibu kesho.

Kwa mwenye viza kuna jambo jingine, nalo nalisema kwa uzito wote. Machi 2025 mwanafunzi wa uzamivu kutoka Uturuki katika chuo kikuu cha Tufts alikamatwa mtaani na maofisa wa uhamiaji baada ya viza yake kufutwa. Alikuwa mmoja wa walioandika makala katika gazeti la wanafunzi kuukosoa uongozi wa chuo kuhusu Gaza, na aliachiliwa Mei kwa amri ya mahakama. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo hutakiwa kuziacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii. Suala la Gaza na suala la mavazi ya Halloween si moja, lakini mwanafunzi wa kigeni hapaswi kudhani kwamba kinga aliyo nayo rafiki yake raia itamfunika naye kwa namna ileile. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na ikibidi mwanasheria, kabla ya kutia saini waraka au kuchapisha makala. Kushiriki mdahalo darasani ni jambo moja. Kuweka jina lako kwenye mtandao ni jambo jingine.

Usimfanye mtu mmoja kuwa msemaji wa watu wake

Mfano bora ninaoujua ni wa majina na nembo za timu za michezo. Mwaka 2005 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliamua kwamba vyuo vyenye nembo za kuwadhalilisha Wamarekani wa Asili (ambao vitabu vingi vya Kiswahili bado vinawaita Wahindi Wekundu, jina ambalo tungefanya vyema kuliacha) visizitumie katika mashindano ya ubingwa. Chuo Kikuu cha Illinois kilimstaafisha Chief Illiniwek, mhusika wa kuigiza aliyekuwa nembo yake, mwaka 2007, baada ya wanafunzi kucheza ngoma kwa jina lake tangu 1926. Lakini Florida State iliendelea kujiita Seminoles, kwa sababu uongozi wa Waseminole wa Florida wenyewe ulisema unakubali.

North Dakota ndiko mambo yalikokuwa magumu. Timu ya chuo kikuu cha jimbo hilo iliitwa Fighting Sioux, kwa jina la Wasioux, ambao ni Wamarekani wa Asili. Watu wa Spirit Lake, moja ya jamii za Wasioux, walipiga kura mwaka 2009, na wengi wakataka jina libaki. Baraza la Standing Rock, ambao nao ni Wasioux, lilikataa. Ni nani hapo alikuwa na haki ya kusema kwa niaba ya wote? Mwishowe wapiga kura wa jimbo zima, wengi wao wakiwa wazungu, waliamua mwaka 2012 kwamba jina liachwe, na mwaka 2015 timu ikapata jina jipya, Fighting Hawks. Ukimsikia mtu akisema kwamba Wamarekani wa Asili wanataka hili au lile, mwulize: wepi, na nani aliwauliza? Uliza hivyohivyo pale mtu anapokugeukia wewe darasani na kutaka utoe msimamo wa Afrika. Jibu la kweli ni kwamba unaweza kusema ulichokiona mwenyewe Mbeya au Kisumu, na hapo umefika mwisho wa mamlaka yako.

Tumia kipimo cha utani

Sisi tuna chombo ambacho wenzetu wa Marekani hawana, nacho ni utani wa makabila. Mchaga na Mpare wanaweza kuambiana maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangekuwa matusi, na wanaweza kufanya hivyo hata msibani. Lakini utani una masharti. Ni wa pande mbili, na anayetania leo atataniwa kesho kwa kiwango kilekile. Unahusu watu wanaojuana na waliorithi ruhusa hiyo, na una wajibu ndani yake, kwani mtani ndiye wa kwanza kufika kukusaidia siku ya shida.

Chukua kipimo hicho ukakiweke juu ya sherehe iliyofanyika chuo cha Bowdoin mwaka 2016, ambapo wanafunzi walivaa vikofia vidogo vya sombrero, kofia pana ya Meksiko, katika tafrija ya tequila, pombe kali ya huko. Je, wanafunzi wenye asili ya Meksiko walikuwa na nafasi ya kuwatania wenyeji wa sherehe kwa kiwango kilekile? Je, palikuwa na wajibu wowote kati yao? Ukijibu hapana, umeeleza kwa nini wengine waliudhika, bila kulazimika kumwita mtu yeyote mbaguzi. Kisha kigeuze kipimo upande wa pili. Baadhi ya wahusika walihamishwa mabweni, na wajumbe wawili wa baraza la wanafunzi waliohudhuria walianzishiwa mchakato wa kuondolewa. Kwa maoni yangu hilo lilizidi: mtani akivuka mpaka huitwa, huambiwa, na hulipa faini ambayo watu huila pamoja. Hafukuzwi kijijini. Nimeieleza hoja ya utani mbele ya madarasa ya Wamarekani mara nyingi, na sijawahi kuona ikikosa kuwafikirisha.

Unapolengwa wewe

Utaulizwa kama unazungumza Kiafrika. Utasifiwa kwa Kiingereza chako ambacho umekisoma tangu darasa la kwanza. Tofautisha kutojua na dharau, kwani asiyejua hufundishika kwa sentensi moja, na ukimjibu kwa hasira hatauliza tena na atabaki na bamba lake la chuma. Mwenye dharau mwulize kwa utulivu: "Unamaanisha nini unaposema hivyo?" Kisha nyamaza. Swali hilo humlazimisha aikamilishe fikra yake kwa sauti, na watu wengi hawapendi kusikia mwisho wa fikra zao wenyewe.

Nawe ujichunge. Katika Kiswahili kumwuliza mgeni kwenu ni wapi ni ukarimu, mlango wa kutafuta ndugu na marafiki wa pamoja. Mmarekani aliyezaliwa California na wazazi kutoka Korea husikia katika swali hilohilo kwamba wewe si wa hapa. Mwaka 2015 mwongozo uliotolewa kwa viongozi wa kitaaluma wa Chuo Kikuu cha California ulipoliorodhesha swali hilo miongoni mwa maneno yanayoweza kuudhi, wengi waliona uongozi umepita kiasi. Mimi naona orodha za namna hiyo hazisaidii sana, kwa kuwa zinachukua suala la adabu na kulivalisha sare ya mamlaka, lakini jambo lililokuwa ndani ya orodha lilikuwa la kweli. Uliza jina kwanza, na mengine yatakuja.

Unapoombwa kuongoza mdahalo

Kazi kubwa iko kwenye mada. Mada kama "Je, heshima ya lugha imezidi?" itazaa makelele, kwa kuwa kila mmoja atajibu swali lake kati ya yale matatu. Andika mada yenye mtenda, tendo na fedha au adhabu ndani yake, kwa mfano: "Chama cha wanafunzi kisifadhili sherehe ambayo tangazo lake linaigiza watu wa taifa fulani." Hapo watu watalazimika kusema ni fedha za nani, tangazo lipi, na nani ataamua.

Kabla ya kuanza, pata kauli ya wote kuhusu kurekodi. Mimi hupendelea simu ziwekwe mifukoni, kwa sababu mwanafunzi wa miaka 19 anayejaribu fikra kwa mara ya kwanza hastahili kubebeshwa sentensi yake moja maisha yote. Wape dakika 5 waandike kimya kile wanachoamini. Wanaoandika kwanza huzungumza vizuri zaidi, na wenye haya hupata pa kuanzia. Kila anayempinga mwenzake na aanze kwa kuirudia hoja ya mwenzake hadi mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Zoezi hili huchosha na huchukua muda, lakini ndilo linalofanya kazi kuliko yote niliyowahi kujaribu. Katikati ya kikao zigeuze pande, waliokuwa wakitetea wapinge. Kamwe usimtazame mwanafunzi pekee mweusi, Mwislamu au Mwasia chumbani wakati mada inapogusa watu wake, hata kwa macho tu. Atazungumza akitaka.

Na kama chuo kimemwalika mzungumzaji ambaye kundi fulani linamwona amewatukana, washauri wenzako wamwulize maswali makali kuliko kumzima sauti. Tarehe 2 Machi 2017, katika chuo cha Middlebury, wanafunzi walipiga kelele hadi Charles Murray, aliyekuwa ameandika mambo kuhusu rangi na akili yaliyowaudhi wengi, akashindwa kusikika ukumbini. Profesa Allison Stanger alikuwa amejitayarisha kumhoji kwa hoja nzito kutoka upande wa wanaompinga. Walipotoka nje, Stanger aliumizwa shingo katika vurugu, na maswali yake hayakusikika na wale waliokuwa wakiyahitaji zaidi. Kusimama kimya nje na bango, kugawa karatasi yenye makosa ya mzungumzaji pamoja na ushahidi, au kufanya mkutano wenu saa hiyohiyo katika ukumbi mwingine ni njia ambazo hazimnyang'anyi mtu yeyote sikio lake.

Ikiwa wewe ndiye uliyeudhi

Itatokea, kwa kuwa utakuwa ukizungumza kwa lugha ya pili katika nchi yenye vidonda usivyovijua. Usiseme "samahani kama nimekukwaza", maana hiyo "kama" inamrudishia mwenzako mzigo wa kuthibitisha kwamba ameumia. Litaje tendo lenyewe: nilikuita hivi, nilisema hivi mbele ya wenzako, niwie radhi. Usieleze nia yako mpaka uulizwe, na usimwombe akufundishe historia ya watu wake pale pale wakati machozi bado yako machoni. Nenda maktaba jioni hiyo. Na kama baada ya kusoma bado unaamini kwamba ulichosema kilikuwa kweli, rudi kwake baada ya siku chache, mkiwa wawili tu, umwombe nafasi ya kukisema upya kwa maneno mengine, naye awe na uhuru wa kukataa.